Salamu za Krismasi: Kapu Dogo, Orodha Ndefu

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani, pokeeni salamu zangu za Krismasi. Mnaosafiri, Mungu awafikishe salama. Mnaobaki Dar es Salaam, furahieni barabara, maana ni majuma haya tu katika mwaka mzima ambapo mtu anatoka Mbezi hadi Posta bila kulala kwenye daladala. Na ninyi mtakaokuwa kazini tarehe 25, manesi wa zamu ya usiku, walinzi, madereva, wapishi wa mahotelini, sikukuu yenu ipo palepale hata kama mtaila tarehe 28 kwa kiporo cha pilau.

Mwaka huu nataka tuzungumze habari ya orodha. Kila nyumba ina orodha yake ya Desemba, hata kama haijaandikwa popote. Kuna mama mkwe. Kuna bibi kijijini, shangazi aliyekulipia ada ulipokuwa kidato cha tano, mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili, mlinzi, dada wa kazi, kijana wa bodaboda anayempeleka mtoto shule, mama wa genge anayekukopesha nyanya mshahara ukichelewa. Basi unaingia dukani, unaliona kapu la sikukuu limefungwa nailoni na utepe mwekundu, ndani biskuti za kopo, juisi, chokoleti na vinginevyo ambavyo hukuvipanga wewe. Unatazama bei, na papo hapo unaanza kufuta majina kichwani. Majina yanafutwa kuanzia chini. Mama wa genge anatoka wa kwanza. Mama mkwe haguswi.

Ndiyo maana zawadi zangu nazitengeneza jikoni. Siwezi kudai kwamba nabana matumizi, kwa sababu fedha niliyoitenga huwa inaisha yote. Ila inafika kwa watu wengi zaidi, na mama wa genge anabaki kwenye orodha.

Ukiwa na muda wa kutengeneza kitu kimoja tu, tengeneza masala ya chai. Hakuna nyumba yatakapokaa bila kutumika. Nunua viungo vizima, vya kupimiwa sokoni: tangawizi kavu, iriki, mdalasini, pilipili manga na karafuu. Karafuu ziwe chache kwelikweli, zikizidi chai inanuka kama chumba cha daktari wa meno. Vipashe viungo kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka harufu ipande, epua, viache vipoe kabisa, ndipo usage na kuchekecha. Hapo kwenye kupoa ndipo wengi wanapokosa subira. Masala yakifungwa yakiwa na joto, mvuke unabaki ndani ya chupa, yanashikana mabonge, na baada ya muda yanaota ukungu. Bizari ya pilau inatengenezwa kwa njia hiyohiyo, isipokuwa binzari nyembamba ndiyo inayotawala. Lakini bizari ya pilau igawe mapema, tarehe 20 au 22. Ukimpelekea mtu jioni ya tarehe 25 ameshapika kwa aliyonunua.

Kashata za karanga nazo hazina gharama kubwa, na watoto wanaweza kushiriki kumenya. Zichambue karanga kabla ya kuzikaanga: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, kwa kuwa kukaanga hakuiondoi yote sumukuvu. Vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kumenywa vinakwenda na kikombe kimoja na nusu cha sukari. Iyeyushe sukari bila maji, moto mdogo, mpaka ifikie rangi ya asali, mimina karanga, koroga upesi, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta na ukate vipande kungali moto. Ikishapoa hukati tena, unavunja. Watoto wakae mbali na sufuria wakati huo. Sukari iliyoyeyuka inaunguza kuliko maji ya moto. Kashata za nazi mimi nazipenda zaidi, ila nazi mbichi haina uvumilivu na joto la Desemba, kwa hiyo hizo ni za majirani wa karibu, si za kusafirisha.

Msimu wenyewe unatusaidia. Pwani maembe yapo tele, na yale mabichi yanayopukutishwa na upepo ndiyo mazuri ya achari: yakate vipande, yatie chumvi, yaanike juani siku mbili, kisha yachanganye na pilipili, kitunguu saumu, binzari manjano na siki ya kutosha kuyafunika. Mananasi ya Kiwangwa nayo ukiyapata kwa bei nzuri, pika jemu: kilo moja ya nanasi lililomenywa na kukatwakatwa, robo tatu kilo ya sukari, maji ya ndimu mbili. Itakuwa tayari pale ambapo tone ulilolidondosha kwenye sahani ya baridi halitiririki. Asali ya Tabora haihitaji upishi, ni kuihamishia tu kwenye chupa ndogo. Umwambie unayempa kwamba ikiganda haijaharibika, aiweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, na kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe.

Chupa zenyewe zinakusanywa mwaka mzima. Za jemu na mayonezi, za kioo, zenye vifuniko visivyo na kutu. Lebo ikigoma, loweka kwenye maji ya moto, halafu gundi iliyobaki isugue kwa mafuta ya kula yaliyochanganywa na soda ya kuokea. Chupa za achari na jemu zichemshwe kabla ya kujazwa. Andika jina la kilichomo na tarehe uliyotengeneza. Chupa isiyo na tarehe humfanya mtu asite, na akisita mara mbili anaitupa.

Kuhusu kapu, tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, vikapu vimerudi mikononi mwa watu, na kikapu kidogo cha ukindu kinabaki kutumika sokoni baada ya vilivyomo kuliwa. Badala ya nailoni, pita kwa fundi cherehani wako umwombe vipande vya vitenge vinavyobaki. Wengine wanavitoa bure, hasa ukifika kabla ya pilikapilika za tarehe 20. Ukitaka kupendezesha zaidi, nunua doti moja ya kanga, ikate, na kila upande ufungie kapu moja: la mama na la shangazi. Watavaa sare bila kupanga. Ila soma maandishi kabla ya kulipa. Kuna kanga ambayo ukimfungia mama mkwe, Krismasi hiyo mtakula kimya.

Sisi wenye kwetu Kilimanjaro tuna kazi nyingine, kwa sababu kapu lazima lipande basi. Basi la Desemba mnalijua. Chupa moja ikipasuka, nguo zote zinanuka siki hadi Moshi. Kila chupa izungushiwe kipande chake cha kitenge, achari ikae juu ya miguu yako na si kwenye buti. Tunapanda na vitu vya Pwani: korosho, nazi, ubuyu, viungo. Tunashuka na ndizi, maparachichi, maharage na kahawa iliyokaangwa nyumbani na kutwangwa. Hiyo kahawa ndiyo inayoingia kwenye makapu ya majirani wa Dar mwezi Januari, ili aliyekosa awamu ya kwanza apate ya pili.

Na kuna kapu moja ambalo sipeleki kabisa kabla ya Krismasi. Tarehe 25 nyumba nyingi zina chakula, hata za wenye shida, kwa kuwa watu wanakumbukana. Shida inakuja mwanzoni mwa Januari, shule zinakaribia kufunguliwa, sare imebana, kodi inadaiwa, na wageni wote wameshaondoka. Kwa mama mjane au baba aliyepoteza kazi, kapu la tarehe 2 Januari lenye mchele, maharage, mche wa sabuni, madaftari na kalamu lina uzito kuliko keki ya mkesha. Halihitaji utepe. Lipeleke jioni, ukae kidogo, uongee mambo mengine.

Kwa dada wa kazi pia niseme waziwazi: masala ya chai hayachukui nafasi ya mshahara wala nauli ya kwenda kwao. Mpe haki yake kwanza, halafu kapu. Tarehe 26, sikukuu tunayoiita Boxing Day, asili yake ni Uingereza, ambako watumishi na watoa huduma walikuwa wakipewa boksi la zawadi baada ya Krismasi. Sisi tulirithi mapumziko. Hilo boksi tukalisahau.

Nimekuwa nikisoma tena habari za kuzaliwa kwa Bwana. Mathayo anataja dhahabu, uvumba na manemane za mamajusi, na kila mwaka mahubiri yanakaa hapo. Luka anasimulia wachungaji, na hasemi popote kwamba walileta kitu. Walikwenda kwa haraka, usiku, wakamkuta mtoto, wakaondoka wakitangaza. Inanifariji kwa ajili ya wale ambao mwaka huu hata sukari ya kashata hawana. Njooni hivyohivyo. Waliofika horini wa kwanza ndio hao wasiotajwa kubeba chochote.

Majirani zangu Waislamu, pilau yenu ipo, na kashata zitakuja kwenye zilezile sahani mlizoniletea Idi zikiwa na visheti. Nisameheni kwa kukaa nazo muda wote huu. Sikutaka kuzirudisha tupu.

Nawatakia nyote Krismasi njema na heri ya mwaka mpya. Mlio na chupa zangu za mwaka jana, naziomba kabla ya tarehe 18. Vifuniko pia.