Kijana wa karakana naye aandikiwe mkataba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo nimekaa nalo tangu mwezi wa kwanza. Mimi ni fundi seremala hapa Kihesa, Iringa, natengeneza vitanda, makabati, milango na fremu, mbao zetu nyingi ni paini ya Sao Hill na mteja akiwa vizuri kidogo tunamtafutia mninga. Karakanani nina vijana wanne. Barua hii nawaandikia hasa mafundi wenzangu, maseremala, wachomeleaji, wa gereji, mafundi cherehani, yaani wote tunaoletewa watoto wa watu tuwafundishe kazi.

Tarehe 31 Januari nilimpigia simu mwenzangu mmoja ambaye huwa tunapeana oda zikizidi, akanambia leo sipo kazini ni sikukuu ya Don Bosco. Yeye alisoma ufundi kwenye vyuo vyao, na hiyo ndo siku aliyofariki huyo padri, mwaka 1888. Mimi ni Mlutheri, jina la Don Bosco nililijua kama jina la chuo tu, hapa Iringa kipo na Dodoma kipo, basi. Jioni akapita akaniachia kijitabu nikasoma nusu, nusu nyingine nikatafuta kwenye simu usiku, na kilichonitoa usingizi si miujiza wala ndoto zake, ni karatasi moja ya mkataba.

Tarehe 8 Februari 1852, kwenye mji wa Turin, ambao leo uko Italia, fundi seremala anaitwa Giuseppe Bertolino aliandikiana na kijana anaitwa Giuseppe Odasso aliyetaka kujifunza useremala. Baba wa kijana alikuwepo kama mdhamini na Padri Yohane Bosco, ndiye huyo Don Bosco, alikuwepo kama msimamizi, wakaandika kwenye karatasi ya serikali yenye stempu. Fundi akakubali kumfundisha kazi kwa miaka miwili. Akakubali kumpa kazi za useremala tu na si kazi nyingine, na zisizidi nguvu zake. Akikosea amrekebishe kwa maneno, kwa upole, asimpige kamwe. Sikukuu zote amwachie kijana siku nzima iwe yake. Amlipe kwa siku na malipo yapande kadiri anavyoendelea kujua kazi, na kila mwisho wa mwezi aandike mwenendo wa kijana ulikuwaje. Kijana naye akaahidi kutii na kufanya kazi kwa bidii, na baba akaahidi kwamba mtoto akiharibu kitu kwa makosa yake atalipa yeye.

Mwaka 1852, Mhariri! Mimi nimejifunza useremala miaka ya tisini mwishoni na bapa la msumeno najua linavyolia mgongoni.

Nilipelekwa na mjomba kwa fundi mmoja, mji siutaji na jina silitaji, makubaliano yalikuwa ya mdomo tu, huyu hapa mwanao mfundishe, wakashikana mikono mjomba akaondoka. Miezi saba ya kwanza sikushika randa. Nachota maji nyumbani kwa fundi, nabeba mkaa, nasindikiza watoto wake shule, nikirudi nafagia vumbi la mbao na kuokota misumari. Mwaka wa pili ndo nikaanza kupiga msasa. Hela ilikuwa ya chai na yenyewe mpaka siku aamke vizuri. Ikafika miaka mitatu na nusu, kila nikiuliza naondoka lini naambiwa wewe bado hujaiva, wakati vitanda vya tano kwa sita karibu vyote vilivyokuwa vinatoka pale nilikuwa navipiga mimi. Nilikuja kuondoka usiku kama mwizi, sina cheti, sina nyundo, sina hata mtu wa kusema huyu nimemfundisha mimi. Yule mzee simchukii maana na yeye alifundishwa hivo hivo, na hapo ndo penye shida yenyewe, kila fundi anampitisha mwenzie njia aliyopitishwa.

Sasa nilitaka kujua huyu padri mambo ya karakana aliyajulia wapi, maana mapadri wengi tunaowajua ni watu wa vitabu. Kumbe alizaliwa kijijini mwaka 1815, baba yake akafa mwaka 1817 hajafikisha hata miaka miwili, mama yake Margherita akawalea kwa jembe. Ili asome ilibidi afanye kazi, alijifunza ushonaji kwa fundi cherehani, akajifunza kufua chuma kwa mhunzi, yaani alishakaa chini ya mafundi kabla hajakaa chini ya maprofesa. Alipopata upadri Juni 1841 padri mmoja mkubwa kwake, Giuseppe Cafasso, akawa anamchukua kwenda magerezani Turin, na kule ndo alishtuka. Aliona watoto wa miaka 12 mpaka 18, wana afya na akili zao, wamekaa bure wanaliwa na wadudu, na wengi wakitoka wanarudi tena maana nje hawana mtu wa kuwapokea. Mji ulikuwa unakua, vijana wanashuka kutoka milimani kuja kubeba zege, kuchonga mawe, kufagia mabomba ya moshi, wazazi wako mbali au wamekufa.

Na tarehe 8 Desemba 1841 sakristiani, yaani mtunza kanisa, wa kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi alimkuta kijana amesimama sakristia, chumba padri anapovalia mavazi ya misa, akamwambia njoo utumikie misa, kijana akasema sijui, akaanza kumchapa na mpini wa kitu cha kufutia vumbi mpaka kijana akakimbia. Padri Bosco akasema unampigia nini, huyo ni rafiki yangu, niitie. Kijana ni Bartolomeo Garelli, miaka 16, kutoka Asti, hana baba hana mama, hajui kusoma. Wakaongea, wakasali Salamu Maria, akaambiwa jumapili njoo na wenzio. Kazi yote ya huyu padri yeye mwenyewe anasema ilianzia hapo. Wengi wanaisimulia kama habari ya katekisimu na ni sawa, ila mimi kwa jicho la fundi naona ilianza kwa fimbo kuzuiwa, na miaka kumi baadaye fimbo ile ile imeandikwa kwenye mkataba wa Odasso kwamba hapana.

Asidhani mtu kwamba alikuwa na vijana malaika. Mwanzoni aliwaweka wengine walale kwenye majani makavu na mablanketi, asubuhi anakuta vijana hawapo na mablanketi hayapo. Mwaka 1847 usiku wa mvua akaja kijana mmoja yatima mwashi, amelowa, njaa inamuuma. Mama Margherita akamlisha, akamtandikia mbao juu ya matofali pale jikoni, akampa maneno mawili matatu ya usiku kuhusu kazi na uaminifu. Halafu jiko likafungwa kwa ufunguo mpaka asubuhi ili sufuria zisitembee! Hapo nilimpenda sana huyu mama. Hakumfukuza kwa sababu ya mablanketi ya waliotangulia na wala hakujifanya hajui kwamba mablanketi yaliibiwa, na huyo ndo akawa wa kwanza kukaa moja kwa moja. Mafundi wengi ukiwaambia chukueni vijana wanakwambia mwaka juzi nilichukua mmoja akaondoka na drili. Sawa, drili iliondoka, funga stoo, lakini huyu wa leo hajakuibia bado.

Kingine kinachonigusa ni kwamba alikuwa anatoka. Katikati ya wiki alikuwa anapita kwenye karakana na saiti za ujenzi kuwaangalia vijana wake wanafanyaje kazi na mwajiri anawatendeaje. Mwaka 1849, serikali yao ikiwa inataka kuhamia vipimo vya mita na kilo, aliandika kijitabu chepesi cha kufundisha vipimo hivyo watu wa kawaida, na vijana usiku wakawa wanajifunza hesabu. Nani kati yetu anamfundisha dogo hesabu ya futi? Wengi wanajua kusema mbili kwa nne na moja kwa nane kwa mazoea tu, ukimpa mchoro wenye milimita anasimama, na mteja wa leo anakuja na picha kutoka mtandaoni vipimo vyote ni milimita.

Baadaye akaona hata hiyo mikataba haitoshi maana karakana za mjini vijana walikuwa wanajifunza na matusi na ulevi humo humo, basi mwaka 1853 akaanzisha karakana zake pale Valdocco, mtaa wa Turin alikokuwa anakaa na vijana wake, viatu na ushonaji, mwaka uliofuata ikaja ya kujalidi vitabu, halafu useremala, uchapaji na chuma. Mabinti nao walipata mtu, mwaka 1872 yeye na Maria Mazzarello wa kijiji cha Mornese, ambaye mwenyewe alikuwa anafundisha wasichana kushona, wakaanzisha shirika la masista. Wasalesiani wenyewe, yaani shirika la mapadri na mabruda aliloanzisha Don Bosco, walifika Tanzania mwaka 1980. Na vyuo kama vile ni vizuri, tatizo ni kwamba kijana ambaye hana ada wala cheti cha shule anaishia kwetu, chini ya mwembe, kwenye banda la mabati, na sisi ndo chuo chake.

Najua majibu ya mafundi wenzangu maana hata mimi nilikuwa nayasema. La kwanza, dogo akishajua kazi anakimbia na wateja. Ndugu yangu, anakimbia kwa sababu hajui ataachiwa lini na hakuna kitu kinachomfunga. Yule Odasso alifungwa na mkataba wa miaka miwili kwa saini ya baba yake, na fundi alikuwa na pa kudai. La pili, hela ya kumlipa inatoka wapi. Mwaka 1851 kuna kijana mwingine wa Padri Bosco, Giuseppe Bordone, aliandikishwa kwa fundi wa vioo kwa miaka mitatu, lira moja kwa siku mwaka wa kwanza, moja na nusu wa pili, mbili wa tatu, na likizo ya siku 15 kila mwaka. Malipo yanafuata kazi anayoiweza. Mwaka wa kwanza mpe kidogo lakini kiwe kinajulikana, maana kijana akijua jumamosi anapata elfu kumi atapanga maisha yake, ila ukimpa leo elfu tano kesho hakuna kesho kutwa matusi ataanza kuuza misumari yako.

La tatu ni fimbo, kwamba bila kibao kijana haelewi. Mimi nilipigwa sana na kitu nilichoelewa ni kuficha makosa. Nikikata mbao vibaya naichimbia kwenye vumbi. Leo dogo wangu akikosea kipimo anakuja mwenyewe ananionyesha, tunaigeuza ile mbao inakuwa mguu wa stuli.

Baada ya kusoma habari ya Odasso nilikaa na hawa wanne, mmoja mmoja na mzazi au mlezi wake, tukaandika kwenye kaunta buku, halafu tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa akatugongea muhuri. Miaka miwili. Jumapili ni yako. Nyumbani kwangu huchoti maji. Hupigwi. Mashine ya kuranda hushiki mpaka mwaka wa pili na mimi nikiwepo, hiki kipengele ni changu kwa sababu nimeona vidole vya watu. Ukimaliza nakupa msumeno, nyundo na patasi mbili, na nakusindikiza VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, maana wao wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti.

Ninachoomba ni kwamba ofisi za serikali za mitaa ziwe na fomu rahisi ya namna hii, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, mtu aichukue bure, na viongozi wa misikiti na makanisa wanaojua vijana wa mitaani wakubali kuwa wasimamizi pale ambapo mzazi hayupo, kama yule padri alivyosimama. Wafanyakazi wa VETA wapite kwenye mabanda yetu hata mara moja kwa mwaka.

Mama wa kijana wangu mdogo kuliko wote, anauza ndizi pale stendi, alipofika kwenye kipengele cha mzazi kulipa hasara aliniuliza fundi, sasa akivunja kioo cha kabati mimi nitatoa wapi. Tukakaa tukaongea, tukakifuta kile kipengele kwa kalamu, tukaandika kwamba atakuwa anachangia kidogo kidogo kutoka kwenye posho ya mtoto na isizidi elfu mbili kwa wiki. Akaweka dole gumba, akaomba apewe nakala, akaikunja akaiweka kwenye kibindo cha khanga yake.

Ni mimi,
Fundi seremala,
Kihesa, Iringa