Wapagazi wa Kariakoo wawekewe kibao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nauza vitenge Mtaa wa Kongo, Dar es Salaam, na wiki iliyopita kijana anayenisaidia dukani aliniuliza kama jina Kariakoo ni la Kizaramo au la Kihindi. Amezaliwa hapahapa Ilala. Nilimjibu, lakini swali lake halijanitoka moyoni.

Wajerumani walijenga jengo la soko pale, vita ikazuka mwaka 1914 kabla soko halijaanza. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 wakalifanya kambi ya wapagazi wao, kikosi walichokiita Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, asili ni hiyohiyo.

Wapagazi hao walikuwa wakulima na wavuvi. Mbung'o walikuwa wanaua farasi na ng'ombe wa jeshi, barabara hakuna, basi kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipanda kichwani kwa mtu. Na mtu huyo naye lazima ale, kwa hiyo anahitajika mwingine wa kumbebea chakula chake, na mwingine wa kumbebea huyo. Ndivyo Waingereza walivyofikia kutumia takriban watu milioni moja. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu 100,000 kati yao walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga usioiva. Wajerumani nao walikuwa wakikamata watu wao upande wa pili. Fedha nyingi za mishahara ya marehemu hazikuwafikia jamaa zao kamwe.

Mashamba nayo yakabaki na nani? Wagogo mpaka leo wana jina la njaa iliyofuata: Mtunya. Majeshi yalikuwa yamebeba nafaka, ng'ombe na vijana, kisha mvua zikakosa.

Baba yake bibi yangu alikamatwa Kondoa mwaka huo wa 1916, bibi akiwa bado tumboni. Alikuwa analima. Mkewe alipompelekea uji alikuta jembe limechomekwa kwenye tuta, mpini juu, na mtu hayupo. Hakuna aliyelileta jina lake tena nyumbani. Bibi alikuwa akituonyesha kwa mkono jinsi lile jembe lilivyosimama, kama aliliona yeye, na mimi nikiwa mtoto nilidhani kweli aliliona.

Sasa nenda pale Barabara ya Samora uitazame sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Amesimama peke yake, bunduki yenye singe ameielekeza bandarini. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyechongwa ni askari. Nairobi angalau waliweka watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sisi ambao mtaa wetu mzima umechukua jina lao hatuna hata jiwe.

Soko letu liliungua Julai 2021, na tangu hapo ujenzi na ukarabati umekuwa gumzo la kila siku. Hesabu za vizimba, kodi na maegesho nimezisikia mara nyingi. Neno moja juu ya wapagazi sijalisikia. Ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji na kwa wanaosimamia soko ni kibao kimoja cha jiwe mlangoni, kwa Kiswahili, mahali ambapo makuli wetu wanapita na marobota kichwani. Ngata wanazovaa hawa vijana ni zilezile.

Najua nitaulizwa tuandike majina gani. Majina mengi hatunayo. Basi tuandike walikotoka: Kondoa, Ugogo, Usukuma, Unyamwezi, Uzaramo, na kwingine ambako wazee watatutajia. Gazeti lako linaweza kuanza kwa kuwaita wasomaji walete waliyosikia kwa bibi na babu zao kabla wote hawajaondoka.

Kibao hicho nitakichangia mimi, na wenzangu wawili wa Mtaa wa Kongo wameshaniambia watachangia.

Wako,
Muuza vitenge,
Kariakoo, Dar es Salaam