Waya Mnene Kwenye Profoma Yako Si Ulaji

Wiki iliyopita kaka mmoja alitandaza profoma yetu ya kufungiwa sola juu ya kaunta, akagonga mstari wa tatu kwa kidole. "Fundi, hapa mmenila. Waya tu hela yote hii?"

Si wa kwanza. Wengi wakifika kwenye mstari huo wanachukua kwetu paneli na betri, kisha wanakwenda kununua kwingine ule waya wa milimita 1.5 wa kufungia taa, na kijana wa mtaani anawamalizia kazi. Miezi minane baadaye betri inarudishwa dukani, na sisi tunaitwa wauza feki.

Hesabu ni hii. Paneli ya wati 150 ya mfumo wa volti 12, jua likiwaka, inatoa kama volti 18 na ampia 8. Kutoka batini hadi kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia kuchaji betri, tuseme ni mita 15. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 30. Kwa waya wa 1.5, karibu volti 3 zinapotea njiani. Paneli nayo ikishapata moto, volti zake zinashuka zaidi. Betri ya asidi inataka kama volti 14.4 ili ijae. Itazipata wapi? Kila siku inalala nusu, sahani zake zinaganda salfeti, inakufa. Kwa waya wa milimita 6 hasara haifiki hata volti 1.

Huo ni upande wa paneli. Upande wa inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ndiko kwenye moto. Inveta ya wati 1000 ikibebeshwa mzigo wote inavuta zaidi ya ampia 80 kutoka kwenye betri ya volti 12. Mama mmoja alituita anasikia harufu nyuma ya kabati. Tulikuta nyaya mbili za 2.5 zimesokotwa pamoja na kufungwa tepu, plastiki imeyeyuka na kugandia ukutani. Fyuzi hakuna. Aliyemfungia alimwambia fyuzi ni ya matajiri! Sisi tunaiweka shubiri moja kutoka kwenye chanya ya betri, kwa sababu shoti ikitokea mbele ya hapo, kitu pekee cha kuikata ni hiyo fyuzi.

Breka nazo zina kesi yake. Umeme wa AC wa nyumbani unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche ndani ya breka inapata nafasi ya kuzimika. Wa DC, yaani wa paneli na betri, haupumziki. Kijana mmoja fundi hasa, paneli mbili alizitengeneza mwenyewe kwa kuchomelea seli 36 kila moja chini ya kioo cha dirisha (nilivua kofia), aliongeza nne za dukani, akaziunga zote sita mfululizo, volti zikajumlishana, halafu akaweka breka ya AC. Siku alipoizima jua la saa sita, cheche iliendelea kuwaka ndani mpaka kibox kikaharibika umbo. Breka ya DC ni ghali kuliko ile. Najua.

Na kuna kazi hatuifanyi hata ukilipa mara mbili: ule waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ili inveta iwashe nyumba nzima. Umeme wako unaweza kutoka nje, na transfoma inayoshusha umeme ikilishwa kinyume inaupandisha, wakati fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo akijua laini imekufa. Huku ndani ncha za plagi iliyochomoka zina umeme, na mtoto anazishika. Umeme wa gridi ukirudi ghafla, inveta inaungua. Tunafunga chenjiova, swichi ya kuchagua gridi au inveta, kamwe si vyote pamoja, basi.

Yule kaka alitaka tumshushie waya hadi 2.5. Tulikataa, tukaenda kwake na futi. Betri alikuwa amepanga kuiweka sebuleni, pembeni ya televisheni. Tuliihamishia stoo pamoja na kontrola, palepale chini ya paneli, kuna dirisha la kutolea gesi ya betri. Mita 15 zikawa 6. Bei ya waya ilishuka zaidi ya nusu, na waya ni uleule wa milimita 6.