Risala ya Kikundi cha Redio ya Ridhaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Lushoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, na tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza sisi wanakikundi 14 wa redio ya ridhaa, ambao majirani wa shule wamezoea kutuona tukipita na mianzi mabegani na kudhani tunakwenda kujenga banda.

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya kituo kwa kituo, yanayofanywa kwa ajili ya kujifunza na bila malipo, chini ya leseni inayotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mwenye leseni ni mwalimu wetu wa fizikia, naye hukaa kando yetu kila tunaposhika kipaza sauti. Jina letu la hewani huanza na 5H, alama ambayo wenzetu duniani kote huitambua kuwa ni ya Tanzania.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule yetu iko bondeni, na bonde huyatesa sana masafa ya 145 MHz, kwa kuwa mawimbi yake husafiri karibu na mstari ulionyooka na kukomea kwenye kilima cha kwanza. Hapa uwanjani redio yetu ya mkononi yenye nguvu ya wati 5 haifiki hata Soni. Redio hiyo hiyo ikipandishwa hadi kwenye genge la Irente, ambako nyika iko chini kwa takriban mita 1,000, upeo wake hupita kilomita 100, na ndivyo tulivyozungumza na mwenzetu aliyeko Handeni bila kurudiarudia maneno. Hakuna shule inayoweza kujenga mnara wa urefu huo. Sisi tumeukuta umesimama.

Katika kupanda tunafuata kanuni za mpango uitwao Summits on the Air, wa kuwasiliana kwa redio kutoka vilele vya milima, ulioanza Uingereza mwezi Machi 2002: vifaa vibebwe na watu wenyewe, umeme usitoke kwenye gari wala jenereta la mafuta, na mpandaji asipewe alama za kilele mpaka awasiliane na vituo visivyopungua 4. Kanuni ya jenereta tuliichukia mwanzoni, hasa yule aliyekuwa zamu ya kubeba betri. Leo tunaishukuru, kwa sababu kileleni hakuna injini wala chaja za simu zinazovuma redioni, na kituo hafifu ambacho bwenini kingezama kabisa, kule juu husikika.

Kazi yetu kubwa ya mwaka ni mashindano ya CQ World Wide ya sauti, ya kuwasiliana na vituo vingi vya dunia kadiri iwezekanavyo kwa mawimbi mafupi yanayovuka mabara, yanayofanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba kwa muda wa saa 48. Dunia imegawanywa katika kanda 40, nasi tumo katika kanda ya 37, hivyo kila anayetuita tunampa tarakimu 59, yaani tunamsikia vizuri, na 37 ya kanda yetu, naye hutupa zake. Mawasiliano na bara jingine yana pointi 3, na nchi nyingine ya Afrika pointi 1. Kila nchi mpya na kanda mpya katika kila bendi, yaani kila kundi la masafa, huwa kizidishi cha jumla yote, na kwa kuwa vituo vya kanda yetu ni vichache, wenye antena kubwa za Ulaya hututafuta kwa udi na uvumbi ingawa antena yetu ni waya wa mita 10 tu, uliokatwa katikati na kutundikwa kwenye mwanzi. Usiku ukungu wa Usambara hulowanisha kila kitu. Wino huchuruzika, kwa hiyo daftari huandikwa kwa penseli, mmoja akisikiliza, wa pili akiandika, na wa tatu akimulika kwa tochi ya simu.

Mwaka wa kwanza tulikosea jambo ambalo bado linatuchekesha. Mashindano hutumia saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, na ndiyo maana huanza saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi. Mwandishi wetu wa asubuhi aliandika muda kwa Kiswahili, alivyozoea kwao: mawasiliano ya saa 4 asubuhi akayaandika 04:00, badala ya 07:00. Kwa kuwa waamuzi hulinganisha daftari la kila kituo na la mwenzake, tulilazimika kusahihisha mistari yote kabla ya siku 5 za kuwasilisha kumalizika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu ni mbili. Betri yetu moja iliuzwa kwetu kama mpya, nayo haimalizi usiku. Tunaomba utusaidie kupata nyingine mbili za volti 12, zilizo nyepesi. Pili, tunaomba barua yako ya utambulisho kwa serikali ya kijiji, ili tusilazimike kujieleza upya kila tunapoomba kulala kileleni. Sisi kwa upande wetu tuko tayari, barabara ya Mombo inapofungwa na maporomoko, kupeleka ujumbe wa wilaya kutoka genge hilo hilo.

Kwenye meza iliyo mbele yako kuna redio ya kupokelea. Wenzetu watatu wako Irente na mwalimu tangu alfajiri, na saa 5 kamili watamwita yule wa Handeni. Tunakuomba uongeze sauti na usikilize.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.