Kuku wa nazi ya kukaanga kwa ajili ya wakwe

Ruwi, Maskati

Mama Rahma, shoga yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi mno kusikia kwamba posa ya Rahma imekubaliwa. Mwenyezi Mungu akamilishe kheri. Umeniuliza uwapikie nini wakwe watakapokuja kula mchana, maana biriani na pilau wanazikuta katika kila shughuli. Jibu langu ni moja: wapikie kuku wa Kerala, kule kusini mwa India, yule wa nazi ya kukaanga. Wamalayali, watu wa huko, humwita varutharacha kozhi.

Hapa Maskati Wamalayali ni wengi, na jirani yangu wa mlango wa pili ni muuguzi kutoka Thrissur. Yeye ndiye aliyenifundisha, jikoni kwake, nikiwa nimesimama kando ya jiko lake siku za mapumziko yake. Tangu hapo sijampikia mgeni mheshimiwa kitu kingine.

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo lenyewe liko kwenye nazi. Sisi kwetu nazi tukishaikuna tunakimbilia tui, zito kando, jepesi kando, na machicha tunawapa kuku bandani. Kwa mchuzi huu usikamue chochote. Nazi inaingia kaangoni na tui lake lote, kwa sababu mafuta yaliyomo ndiyo yatakayoikaanga. Machicha hayafai hata kidogo, na zile chenga kavu za pakiti huungua kabla hazijaiva. Tafuta nazi pevu, ikune mwenyewe kwa mbuzi, nazi moja ya kiasi kwa kuku wa kilo moja na robo.

Teleka kaango zito, la chuma ukilipata. Tia kijiko kimoja cha mafuta ya nazi, kijiti cha mdalasini urefu wa kidole gumba, karafuu 4, iliki 3, kijiko cha chai cha shamari na kijiko cha chai cha pilipili manga nzima. Viungo vikianza kunukia mimina nazi yote, pamoja na vitunguu vidogo vyekundu 6 vilivyokatwakatwa na kishada kimoja cha majani ya mchuzi. Punguza moto mpaka uwe mdogo kabisa, kamata mwiko, na usiuweke chini mpaka umalize. Mwanzo utaona mvuke tu, nazi inatoa maji yake. Kisha itakuwa nyepesi mkononi, utaisikia inachakarika kwenye chuma, na pembeni itaanza kugeuka manjano. Harufu yake wakati huo ni tamu, ya kashata, nawe utashawishika kuepua. Usiepue, shoga. Endelea kugeuza, uikwangue ile inayoshika chini, mpaka utamu ule wa harufu uishe na ije harufu nzito ya kitu kilichokaangika, na rangi iwe hudhurungi iliyokolea, sawasawa kila mahali. Kwa moto wangu huchukua dakika 20 hivi. Ukiwa na mtu wa kukuita sebuleni mara kwa mara, mwambie asubiri.

Zima jiko kwanza, ndipo utie vijiko 2 vya chakula vya giligilani ya unga, kijiko kimoja na nusu cha pilipili nyekundu ya unga na nusu kijiko cha chai cha manjano. Unga huo hauhimili moto, joto lililobaki kaangoni linatosha. Geuza kidogo, halafu mwaga vyote kwenye sinia vipoe, maana ukiviacha humo chuma kitaendelea kuvikaanga na mchuzi utakuwa mchungu. Vikipoa visage laini kwa maji kidogo sana. Jirani yangu anasema kwao mama yake hutumia jiwe la kusagia. Mimi natumia blenda na sioni upungufu, ili mradi usione haraka. Rojo likiwa tayari litang'aa kwa mafuta na halina punje ukilipima kwa vidole.

Kuku mwambie muuzaji akukatie vipande vidogo, na mifupa yake, ngozi itolewe. Mfupa ndio unaoupa mchuzi uzito. Mpake thomu na tangawizi iliyotwangwa, chumvi na manjano, umwache nusu saa. Kwenye sufuria kaanga vitunguu kwa mafuta ya nazi mpaka vilainike, mtie kuku, ufunike bila maji. Atatoa maji yake mwenyewe. Baada ya dakika 10 tia rojo lako na vikombe 2 vya maji ya moto. Acha uchemke taratibu mpaka nyama ilainike na mafuta yaelee juu. Kuku wa kisasa nusu saa yamtosha. Wa kienyeji, ambaye mimi ndiye ningemchagua kwa shughuli hii, mpe saa nzima na zaidi, na maji uongeze.

Nyanya usitie. Najua mkono utakwenda wenyewe, lakini nazi iliyokaangwa ina rangi yake na ladha yake, na nyanya huichachusha bure. Wala usitie masala ya pakiti juu ya haya yote.

Jambo moja limenikaa sana rohoni kuhusu mchuzi huu. Ile pilipili manga unayoitia ni ya kwao asili, ya milima ya Malabar, na ndiyo iliyovuta majahazi ya mataifa yote mpaka pwani ile kwa mamia ya miaka. Pilipili nyekundu ilikuja baadaye, Wareno waliileta India kutoka Amerika. Kabla ya hapo ukali wa chakula chao ulikuwa wa pilipili manga na tangawizi. Vasco da Gama mwenyewe mwaka 1498 alipewa rubani Malindi, ile ya Kenya, ndipo akaifikia Kozhikode, huko huko Malabar, kwa pepo za kusi, njia ambayo mabaharia wa pande hizi walikuwa wakiijua zamani. Kwa hiyo ukimtengea mkwe wako sahani hii, usione kama unampa kitu kigeni. Bahari ni ile ile, nazi ni ile ile, kaskazi iliwaleta wao kwetu na kusi ikatupeleka sisi kwao.

Mwisho kuna kuunga. Katika kikaango kidogo pasha mafuta ya nazi, tia nusu kijiko cha haradali, na ikianza kuruka tia vipande vyembamba vya nazi, pilipili kavu 2 na majani mengine ya mchuzi. Vipande vikiwa vyekundu mimina vyote juu ya kuku, ufunike hapo hapo. Usipakue mara moja. Mchuzi ukitulia nusu saa unakolea. Mimi hupika asubuhi kwa chakula cha mchana.

Wenyewe hula na appam, mikate ya unga wa mchele iliyochachushwa kwa usiku mzima, iliyo karibu sana na vibibi vyetu. Wewe pika vibibi, sukari upunguze. Ukiona wageni ni wengi, wali mweupe unafaa, ila wali wa nazi la, nazi itazidi. Na kwa kuwa baba mkwe umesema ni mtu mzima wa tumbo jepesi, tumia pilipili ya Kashmiri, ina rangi nzuri na ukali wake ni mdogo. Huko Darajani ukiikosa, punguza tu kipimo cha pilipili yako kiwe nusu.

Mjomba wake Idi anakuja Unguja mwisho wa mwezi. Nitampa pilipili hiyo, shamari, na majani ya mchuzi niliyoyakausha kivulini. Kama unataka kingine niambie mapema, mzigo wake ni mdogo. Pika mara moja kabla ya siku yenyewe, wewe na Rahma, ili naye aishike ile rangi ya nazi kwa macho yake. Itamfaa nyumbani kwake.

Msalimie bibi, watoto, na jirani zetu wote wa Malindi. Niandikie wakwe walisemaje.

Nduguyo,
Mama Idi