Wanangu mnaojitolea Ujerumani, kituo kibaya huachwa

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliokuja Ujerumani kwa mwaka wa kujitolea, wa FSJ (mwaka wa hiari wa huduma za jamii) na wa BFD (huduma ya hiari ya serikali ya shirikisho), mlioko kwenye nyumba za wazee, hospitali, chekechea na vituo vya watu wenye ulemavu. Nimefanya uuguzi katika nchi hii hadi nikastaafu, na simu yangu wengi wenu mnayo. Sichoki kuipokea. Kinachonichosha ni kupigiwa usiku wa manane, mambo yakiwa yameshaharibika.

Majuzi nimepigiwa tena. Binti mmoja, mdogo wa kutosha kuwa mjukuu wangu, alipangiwa nyumba ya wazee katika mji mdogo wa kusini. Tangu baridi ilipoanza alikuwa akiachiwa korido nzima zamu ya jioni, muuguzi akiwa ghorofa nyingine. Aosha, alisha, ageuza wagonjwa, ainua watu wazito kuliko yeye, na hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuinua. Mgongo ukaanza kumuuma. Akanyamaza. Uchungu ulipomzidi alifunga begi, akaacha ufunguo mezani na kupanda treni kwenda kwa rafiki yake bila kumwambia mtu. Leo mkataba umevunjwa kwa utoro, kibali chake cha kuishi kiko mashakani kwa sababu kilitolewa kwa ajili ya kazi ile, na cheti cha miezi minane aliyoitumikia hana.

Nimekasirika, na sitaki kuficha. Alikaa miezi mahali alipopaswa kuondoka mapema, kisha akaondoka kwa njia iliyomuumiza yeye peke yake. Kile kituo hakijaguswa hata unywele.

Sasa nisikilizeni. Siwaambii mkimbie kila kinachowaudhi. Miezi mitatu ya kwanza ni migumu kwa karibu kila mtu. Ulifundishwa Kijerumani cha darasani, kumbe bibi wa miaka tisini anakusemesha lahaja ya kijijini kwao. Jua linazama saa kumi jioni. Wenzako kazini hawaulizi umelalaje, mama hajambo, safari ilikuwaje. Wanakwambia kitanda namba nne kinahitaji shuka. Hayo yanauma, mwanangu, nayajua, na yanapita. Kazi ya kufuta choo na kubadilisha nepi za watu wazima nayo ni kazi, tena ya heshima. Usiondoke kwa ajili hiyo.

Lakini jueni mlivyoingia humu. Zamani vijana wa kiume wa Kijerumani waliokataa kubeba bunduki walitumikia huduma ya kiraia katika wodi zetu. Mwaka 2011 uandikishaji wa lazima jeshini uliposimamishwa, huduma ile ikaisha, na Julai mwaka huo huo BFD ikaanza. FSJ yenyewe ina sheria yake tangu 1964. Sheria za leo zinasema wazi kwamba anayejitolea ni msaidizi. Haruhusiwi kuziba nafasi ya mfanyakazi wa kulipwa. Kazi hii imekusudiwa iwe ya kujifunza, ndiyo maana kwa mwaka mzima mna siku 25 za semina, nazo zinahesabiwa kuwa siku za kazi. Kituo kinachokuzuia kwenda semina kwa kuwa eti hakuna wa kushika zamu yako, kimejitangaza chenyewe kwamba wewe ndiye mfanyakazi wao wa bei rahisi.

Kwa hiyo jiulize: nikikosa kuja leo, wazee wataoshwa? Kama jibu ni hapana, kuna sheria inavunjwa. Ukipewa dawa ukaambiwa zigawe peke yako, kataa. Hiyo ni kazi ya aliyeisomea. Ukiachwa peke yako na wagonjwa usiku, sema siku hiyo hiyo. Ukiguswa au kutukanwa rangi yako, na mkubwa wako akakwambia mzee huyo ana ugonjwa wa kusahau, elewa kwamba mgonjwa anaweza asijue alitendalo, lakini mkubwa anajua, na kukulinda ni wajibu wake.

Najua kinachowafunga midomo. Si woga wa Mjerumani. Ni nyumbani.

Wazazi wenzangu, najua mtaisoma barua hii, basi nanyi niwaambie. Mtoto huyu mlimfanyia harambee ya tiketi. Mmoja aliuza ng'ombe, mwingine akakopa chama. Kabla hajazoea baridi, kundi la WhatsApp la ukoo limeshamwandikia orodha: ada ya mdogo wake, mabati, simu ya mjomba. Mnadhani ameajiriwa. Hajaajiriwa. Anapewa pesa ya mfukoni, ambayo mwaka 2025 sheria iliiwekea ukomo wa euro 644 kwa mwezi, na vituo vingi hutoa chini ya hapo. Mnamkamua mtoto anayehesabu nauli ya basi. Akithubutu kusema kazi inamwumiza, mnamjibu "mvumilivu hula mbivu", na shangazi anaongeza kwamba watoto wa fulani wako huko huko na hawalalamiki. Nani kawaambia hawalalamiki? Mimi ndiye ninayewapokea simu wakilia! Mbivu gani italiwa na mtoto mwenye mgongo wa mwanamke wa miaka sabini? Embe lililooza mtini halisubiriwi liive.

Tumelea watoto wetu waogope aibu kuliko maumivu. Kijana anayerudi kutoka ng'ambo kabla ya wakati tunampokea kama aliyetoka gerezani, majirani wanachungulia kama kaja na sanduku moja au mawili. Kisha tunashangaa watoto wakijificha kwenye vyumba vya marafiki Berlin bila makaratasi kuliko kupanda ndege kurudi kwa mama zao. Sisi ndio tuliowafungia mlango wa nyumbani. Tuufungue.

Na mawakala. Mnatoza watoto wa watu pesa nzito kuwaunganisha na nafasi ambazo mashirika ya huku yanapokea maombi yake moja kwa moja, halafu mtoto akipata shida simu zenu hazipatikani. Mungu anawaona.

Narudi kwenu, wanangu. Kuna chambo kimoja kinachowashika wengi: "Vumilia, mwakani tutakupa nafasi ya Ausbildung." Yaani mafunzo ya kazi. Omba ahadi hiyo kwa maandishi. Wakikataa kuiandika, hawana nia. Mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu hayatolewi na nyumba moja tu. Nchi hii ina upungufu mkubwa wa wauguzi, na mtu mwenye Kijerumani kizuri na cheti safi cha FSJ atatafutwa. Usimwage afya yako kwa ajili ya bosi mmoja.

Ukishaamua kwamba hapafai, ondoka kwa utaratibu. Andika tarehe, saa na kilichotokea, kila mara. Kama umeumia nenda kwa daktari akupe cheti cha ugonjwa; bima unayo. Kisha mwandikie mratibu wa shirika lililokuleta, si mkuu wa kituo peke yake. Mkataba wako hauko mfukoni mwa mkuu wa nyumba: wa BFD umewekwa kati yako na serikali ya shirikisho, kupitia ofisi iliyoko Köln, na wa FSJ unasimamiwa na shirika lako. Omba kwanza kuhamishiwa kituo kingine. Watu huhama katikati ya mwaka, na mwaka wao unaendelea. Soma kipengele cha notisi kabla ya kusaini barua yoyote ya kuacha. Ofisi ya wageni iambiwe mapema, wala usisubiri wakuulize. Dai cheti cha kazi uliyofanya. Pasipoti ni yako, asikushikie mtu. Na usilale hata usiku mmoja bila kumwambia mtu uliko.

Kwa wazee unaowahudumia, aga. Keti na yule uliyekuwa ukimlisha, mwambie unaondoka, hata kama kesho atakuwa amesahau. Hao hawakukukosea.

Binti yule nimemleta kwangu. Jumatatu tunaenda naye kwenye shirika, mimi na yeye na makaratasi yake, tuone kama kuna kituo kitakachompokea kabla kibali hakijafutwa. Anayeijua nyumba ya wazee yenye watu wema, na chumba cha kulala karibu, anipigie leo.

Mama yenu, muuguzi mstaafu