Upinzani jeshini haukungoja Hitler aelemewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe maoni kuhusu makala yenu juu ya jaribio la kumuua Hitler la Julai 20, 1944. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi Kanali Claus von Stauffenberg alivyoliacha begi lenye bomu chini ya meza ya mkutano karibu na Rastenburg, lakini hitimisho lake, kwamba maofisa wa Kijerumani waligeuka pale tu walipoona vita vimewaelemea, linawapunja walioanza mapema.

Jenerali Ludwig Beck, mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu, alijiuzulu Agosti 1938 akipinga mpango wa kuivamia Chekoslovakia. Mwezi uliofuata Hans Oster, wa idara ya ujasusi wa kijeshi, alikuwa kiini cha kundi lililojiandaa kumkamata Hitler endapo angeamuru vita. Njama hiyo ilikufa baada ya Uingereza na Ufaransa kumkubalia madai yake kule Munich.

Oster hakuishia hapo. Alimdokezea mwambata wa kijeshi wa Uholanzi mjini Berlin, Gijsbertus Sas, tarehe ya mashambulizi ya upande wa magharibi, na kila Hitler alipoahirisha akampa nyingine, hata wakubwa wa Sas wakaanza kumwona mzushi. Jioni ya Mei 9, 1940 wawili hao walikula pamoja, kisha Oster akaingia makao makuu kuhakikisha huku Sas akimngoja. Akatoka na jibu kwamba safari hii hakuna kuahirisha. Alfajiri Uholanzi ikavamiwa. Wakati huo Ujerumani ilikuwa inashinda, na Oster alijua fika kwamba onyo lake, kama lingesikilizwa, lingegharimu maisha ya askari wa nchi yake mwenyewe. Mtu anayetafuta tu pa kujisitiri hafanyi hivyo.

Nakubali kwamba wapo waliochelewa, na kwamba wengine mikono yao haikuwa safi: Jenerali Erich Hoepner, aliyenyongwa kwa njama ya Julai, mwaka 1941 alikuwa amewaagiza askari wake wapigane Urusi bila huruma. Lawama hiyo tuwape Hoepner na wa aina yake. Oster alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg Aprili 9, 1945, wiki mbili tu kabla Wamarekani hawajaikomboa, na makala yenu haikumtaja hata kwa jina.

Msomaji wenu,
Morogoro